Maswali ya Wasomaji: Fremu Zinazoharibika Njiani

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu makosa ya fremu, yaani vifurushi vya data vinavyosafiri kwenye waya, katika mitandao ya Etheneti ya ofisini na majumbani. Tumechagua nne, na tumeipa nafasi kubwa zaidi ile ambayo mwandishi wake yuko karibu kutoa fedha bila sababu.

Swali

Ndugu Mhariri, salaam. Ninasimamia kompyuta katika ofisi ya wakala wa forodha iliyopo Gerezani. Kwa muda mrefu sasa wafanyakazi wanalalamika kwamba kuhifadhi nyaraka kwenye seva kunachukua dakika nyingi, ingawa nikiipima seva hiyo kwa ping majibu yanarudi upesi na hakuna linalopotea. Nilipoingia kwenye swichi inayounganisha kompyuta zetu nilikuta poti ya seva ina makosa ya CRC 41,268 na fremu fupi mno, zile zinazoandikwa runts, 9,530, lakini migongano ya kuchelewa ni sifuri. Poti nyingine zote ni safi. Nimebadilisha kebo na makosa yanaendelea. Poti yenyewe imefungwa kwa mkono kwenye megabiti 100, dupleksi kamili, ndivyo nilivyoikuta. Fundi aliyetuuzia vifaa anasema swichi imechoka, tununue nyingine. Je, nikubali?

Msomaji, Gerezani

Jibu

Usinunue swichi, ndugu yetu, angalau si kwa sababu hiyo. Tarakimu ulizotuandikia zinatosha kumtaja mshukiwa, naye ni tofauti ya dupleksi kati ya swichi na seva, yaani upande mmoja hutuma na kupokea kwa wakati mmoja (dupleksi kamili) na mwingine kwa zamu (dupleksi nusu), tatizo ambalo dawa yake haiuzwi dukani.

Tuanze na CRC, yaani hesabu ya kukagua kama fremu imefika bila kuharibika. Kila fremu ya Etheneti hubeba mwishoni mwake baiti 4 za ukaguzi, ambazo mtumaji amezipata kwa kupiga hesabu juu ya baiti zote zilizotangulia, kuanzia anwani ya mpokeaji hadi mwisho wa data. Mpokeaji hurudia hesabu ileile, na jibu lake likitofautiana na lile lililoletwa na fremu, huitupa fremu nzima na kuongeza moja kwenye hesabu yake ya makosa. Hamwarifu mtumaji, wala haombi itumwe tena. Kazi ya kugundua kwamba kuna kitu hakikufika huachiwa TCP, kanuni ya mawasiliano inayohakikisha data imefika, ambayo husubiri, hutuma upya, kisha hupunguza mwendo kwa kudhani kwamba njia imesongamana. Ndiyo maana hata fremu moja ikipotea katika kila mia, kazi ya kunakili faili huzorota kwa kiasi kinachozidi sana hiyo asilimia moja.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka ni kwamba makosa ya CRC huhesabiwa upande wa kupokea. Yale uliyoyaona kwenye swichi yanahusu fremu zilizotoka kwenye seva kuja kwenye swichi, na hayasemi lolote juu ya zile zinazokwenda upande wa pili. Aliyesoma hesabu za swichi peke yake ana nusu ya ushahidi. Nusu nyingine imo ndani ya kadi ya mtandao ya seva, na kwa kisa chako nusu hiyo ndiyo itakayomaliza ubishi na fundi.

Fremu halali haipungui baiti 64 wala haizidi 1,518, au 1,522 ikiwa imebandikwa lebo ya VLAN, yaani ya mtandao mdogo uliogawanywa ndani ya swichi. Iliyo fupi kuliko hapo, kwa kawaida, ni kipande cha fremu ambayo mtumaji aliianza akaikatiza. Ni nani hukatiza fremu yake mwenyewe? Ni kifaa kinachofanya kazi kwa dupleksi nusu, yaani kinachoamini kwamba waya ni wa zamu, kama redio za upepo za walinzi ambazo mmoja akiminya kitufe mwenzake hunyamaza. Kifaa hicho kikisikia mawimbi yanaingia huku chenyewe kinatuma, hukihesabu kisa hicho kuwa ni mgongano, huiacha fremu pale ilipofikia na kutoa biti chache za kuvuruga. Upande wenye dupleksi kamili haujui habari za zamu. Hutuma wakati wowote una la kutuma, na ukipokea mabaki ya fremu zilizokatizwa huyaandika kuwa CRC na fremu fupi. Mgongano hauuandiki hata mmoja, kwa kuwa kwenye dupleksi kamili migongano haitafutwi. Hiyo ndiyo hali ya poti yako, kwa kila mstari ulioutaja.

Nenda sasa kwenye seva. Ikiwa ni ya Linux, amri ya ethtool ikifuatiwa na jina la kadi itakuonyesha kasi na dupleksi, na ukitia -S kabla ya jina hilo utapata hesabu za makosa moja baada ya nyingine. Kwenye Windows, mpangilio wa kasi na dupleksi umo ndani ya sifa za kadi yenyewe. Tunatarajia kwamba utakuta dupleksi nusu, pamoja na migongano mingi ya kuchelewa. Mgongano wa kawaida hutokea kabla baiti 64 za kwanza hazijamaliza kutoka, na kadi huirudia fremu hiyo yenyewe bila programu yoyote kujua. Ukitokea baada ya hapo huitwa wa kuchelewa, na fremu huachwa ipotee.

Utauliza seva iliangukiaje dupleksi nusu ilhali hakuna aliyeiagiza. Mapatano ya kiotomatiki, yaliyoingizwa kwenye kiwango cha IEEE 802.3 mwaka 1995 pamoja na Etheneti ya megabiti 100, yanahitaji pande mbili zinazotangaziana uwezo wao. Poti ikifungwa kwa mkono, mara nyingi huacha kutangaza. Seva iliyobaki inasubiri tangazo inaweza kuitambua kasi kutokana na mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haitambuliki kwa njia hiyo, na kanuni inasema kwamba asiyepata tangazo achukue nusu. Seva yako ilitii kanuni. Kasoro ni ya aliyefunga upande mmoja akauacha wa pili. Desturi ya kufunga poti kwa mkono ilikuwa na sababu zake zamani, vifaa vya watengenezaji tofauti vilipokuwa vikishindwa kuelewana. Kuiendeleza leo ni kujitafutia kazi.

Kuhusu ping kukudanganya, chombo hicho hutuma fremu moja ndogo, husubiri jibu, kisha hutulia kidogo kabla ya kutuma nyingine, hivyo pande mbili karibu hazisemi kwa pamoja na hakuna wa kumkatiza mwenzake. Unaponakili faili, data huenda upande mmoja wakati uleule ambao uthibitisho wa TCP unarudi, na hapo ndipo seva hujiona imegongana na mtu.

Irudishe poti ya swichi kwenye mapatano ya kiotomatiki, hakikisha seva nayo iko hivyo, kisha futa hesabu za zamani kwenye swichi. Hatua hiyo ya kufuta hupuuzwa mno, na bila hiyo hutajua kama zile 41,268 ni za mwaka jana au za leo asubuhi. Mwombe mhasibu ahifadhi faili kubwa, halafu usome tena. Ikiwa swichi na seva zote zina uwezo wa gigabiti, kasi itapanda hadi 1,000 na habari ya dupleksi itakuwa imekwisha, kwa sababu gigabiti ya waya wa shaba inalazimisha mapatano na, kwa vitendo, haiendeshwi kwa dupleksi nusu. CRC zikiendelea kuongezeka huku dupleksi ikiwa sawa pande zote mbili, ndipo uanze kubadilisha kimoja kimoja: kebo fupi ya kuunganishia, soketi ya ukutani, kadi ya seva. Swichi iwe ya mwisho, na hata hiyo uihukumu baada ya kuihamishia seva kwenye poti nyingine na kuona kama makosa yameifuata seva au yamebaki kwenye poti.

Swali

Mimi ni mwanafunzi wa TEHAMA hapa Dar es Salaam. Nikinasa mawasiliano ya kompyuta yangu kwa Wireshark, na ukaguzi wa TCP ukiwa umewashwa, karibu kila paketi ninayotuma inawekewa alama kwamba jumla yake ya ukaguzi si sahihi. Tena naona fremu za baiti 54, ilhali mwalimu ametufundisha kwamba fremu chini ya 64 ni mbovu. Je, kadi yangu imeharibika?

Mwanafunzi, Ubungo

Jibu

Kadi yako ni nzima, na mwalimu wako hajakosea. Wireshark huzinasa fremu unazotuma kabla hazijafika kwenye kadi, wakati kazi mbili bado hazijafanyika. Kadi nyingi za siku hizi hupewa na mfumo wa kompyuta jukumu la kupiga hesabu ya ukaguzi wa TCP, hivyo mahali pa hesabu hiyo panakuwa bado hapajajazwa sawasawa pale programu inapotazama. Kadhalika baiti 54 ni kichwa cha Etheneti chenye 14, cha IP chenye 20 na cha TCP chenye 20, bila data yoyote; kadi itajaza hadi zifike 60, kisha itaongeza zile 4 za ukaguzi, na kwenye waya itatoka fremu ya 64 iliyo halali kabisa.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili, na hukuiuliza. Fremu mbovu zinazokuja kwako hutupwa na kadi kabla Wireshark haijaziona, kwa hiyo unaweza kunasa mchana kutwa kwenye mtandao mgonjwa bila kuona CRC hata moja. Kwa makosa ya fremu, soma hesabu za kadi na za swichi.

Swali

Ninaendesha nyumba ya wageni Kigamboni, karibu na bahari. Kebo tuliyoinunua Kariakoo imepita juu ya dari chini ya mabati, ikavuka uwanja hadi jengo la pili, jumla kama mita 85. Asubuhi kasi inasoma 1,000. Mchana makosa ya CRC yanapanda, na siku nyingine kasi inashuka yenyewe hadi 100. Fundi alisema ni joto la swichi, tukaiwekea feni, hali ni ileile. Kifaa chake cha kupimia kinawasha taa zote nane, kwa hiyo anasema kebo ni nzima.

Msomaji, Kigamboni

Jibu

Joto ni kweli, ila fundi amelitafuta mahali sipo. Urefu wa mita 100 unaoruhusiwa kwa kebo za Etheneti umekadiriwa kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi. Kila nyuzi inayoongezeka kutoka hapo hadi 40 huongeza upotevu wa mawimbi kwa takriban asilimia 0.4, na kati ya 40 na 60 kwa takriban asilimia 0.6. Kebo ya mita 85, kama ingekuwa yote kwenye nyuzi 60, ingepoteza mawimbi kama kebo ya mita 102 iliyo kwenye nyuzi 20. Yeyote aliyewahi kupanda juu ya dari ya mabati saa nane mchana mwezi wa Februari anajua kwamba hesabu hii haijatiwa chumvi. Swichi yako imo chumbani. Kebo ndiyo inayookwa.

Lakini mita 85 za kebo nzuri, zikiwa sehemu tu chini ya mabati, zingepaswa kuvumilia, kwa hiyo tunaishuku pia kebo yenyewe. Kata kipande kidogo kwenye mabaki yaliyosalia, menya waya mmoja, kisha ukwangue taratibu kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu, na ukiukunja waya huo mara chache utakatika upesi. Kebo za namna hiyo huuzwa kwenye maboksi yaliyoandikwa Cat5e au Cat6 kama nyingine yoyote, na bei yake ndiyo inayoshawishi, ingawa viwango vya kebo za kategoria haviutambui waya wa alumini. Upinzani wake kwa umeme ni mkubwa kuliko wa shaba, na boksi lake ni jepesi mkononi kuliko la shaba lenye urefu uleule. Ukienda tena dukani, beba yote mawili kabla ya kulipa.

Taa nane za kifaa cha fundi zinathibitisha kwamba kila waya umefika upande wa pili kwenye namba yake, na haziendi mbali zaidi ya hapo. Hazioni joto, hazioni urefu, wala hazioni jozi zilizochanganywa. Itazame konekta ya RJ45 kwa karibu, kipande cha kushikia kikiwa kimegeuziwa chini. Namba 3 na namba 6 lazima ziwe waya mbili za jozi moja, kwa mfano kijani-nyeupe na kijani. Fundi akizipanga jozi kwa kufuatana, 1 na 2, 3 na 4, 5 na 6, 7 na 8, akafanya vivyo hivyo upande wa pili, taa zote zitawaka kwa furaha, lakini mawimbi yatakuwa yanasafiri kwenye waya ambazo hazikusokotwa pamoja na yatavujiana njia nzima. Angalia pia kwamba msokoto wa jozi haukufunguliwa zaidi ya milimita 13 kabla ya kuingia kwenye konekta. Na kwa kuwa mko karibu na bahari, vitazame vile vipande vya dhahabu kwenye konekta na ndani ya poti. Ukijani au unga mweupe hapo ni kutu ya chumvi. Kata konekta, bana mpya.

Kasi kushuka hadi 100 ni dalili yenye maana. Megabiti 100 hutumia jozi mbili tu, zile za namba 1, 2, 3 na 6, wakati gigabiti huzihitaji zote nne. Baadhi ya vifaa vikishindwa kuunga gigabiti hujishusha vyenyewe, hivyo jozi ya 4 na 5 au ya 7 na 8 ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Kiwango cha gigabiti kwenye shaba kinaruhusu biti moja ikosewe katika bilioni 10. Fremu kubwa ya baiti 1,518 ina biti 12,144, kwa hiyo kosa moja katika fremu laki nane na kitu si la kukukosesha usingizi. Moja katika elfu ni ugonjwa. Hesabu fremu zilizopokelewa na makosa kwa muda uleule, asubuhi na mchana, ili uwe na kitu cha kulinganisha badala ya kutazama tarakimu moja kubwa na kuingiwa hofu.

Kwa kipande kinachovuka uwanja, ushauri wetu ni kuachana na shaba. Kebo ya ndani hupasuka ganda kwa jua, maji ya masika huingia, na radi ikipiga jirani waya huo huweza kuibeba hadi kwenye swichi za majengo yote mawili. Faiba, inayopitisha mwanga badala ya umeme, haina shida hizo, na kwa umbali wenu gharama yake haitawatisha mkilinganisha na swichi mbili zilizoungua. Chini ya mabati, hamishieni kebo ya shaba halisi pembeni mwa ukuta, mbali na nyaya za umeme na mota ya pampu ya maji.

Swali

Ofisi yetu iliyopo Posta imefunga swichi tatu mpya za kasi kubwa, zilizounganishwa kwa faiba kati ya ghorofa. Wiki hii zote tatu zimeanza kuonyesha CRC kwa pamoja. Inawezekanaje zote ziharibike siku moja?

Msomaji, Posta

Jibu

Haziwezi, na huenda hakuna hata moja iliyoharibika. Swichi za kawaida huipokea fremu yote, huikagua, kisha huipeleka mbele. Fremu mbovu hufia hapo. Baadhi ya swichi za kasi kubwa huanza kuipeleka mara tu zinapoisoma anwani ya mpokeaji, na zile baiti 4 za ukaguzi zinapofika, sehemu kubwa ya fremu imekwishatoka upande wa pili. Swichi hugundua kosa, lakini fremu imekwishaondoka, na swichi inayofuata huihesabu tena. Kosa moja linaweza kuhesabiwa kwenye kila kituo cha safari.

Kwanza thibitisheni kwenye mwongozo wa swichi zenu kama zinafanya kazi kwa namna hiyo. Kisha chukueni poti moja yenye CRC za kupokea, nendeni kwenye kifaa kilicho upande wa pili wa waya huo, na mtazame kama nacho kina poti inayopokea CRC kwa kasi inayofanana. Kikiwa nayo, endeleeni kurudi nyuma. Mkifika kwenye kifaa kinachotuma fremu mbovu bila chenyewe kupokea yoyote, kosa liko kati ya hapo na poti ya kwanza iliyohesabu, pamoja na kadi ya kifaa hicho chenyewe.

Kiungo hicho kikiwa cha faiba, anzeni na uchafu. Ncha zisafisheni pande zote mbili kwa kifaa maalumu cha kusafishia, hata kama zinaonekana safi kwa macho, kisha someni nguvu ya mwanga unaopokelewa, ambayo moduli nyingi huionyesha kwenye swichi, na mlinganishe na kiwango cha chini kilichoandikwa na mtengenezaji. Kagueni pia kama kuna mahali faiba imekunjwa kwa nguvu nyuma ya kabati. Asitokee mtu wa kuchungulia ndani ya ncha ili aone kama mwanga upo: mwanga wa leza hizo nyingi hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru.